Aliyetokea Lango Kuu

Kwa miongo mingi, kila Jumatatu saa 4 asubuhi, wakazi wa Crowthorne, kusini mwa Uingereza, walisikia king'ora kikijaribiwa. Kiliwekwa baada ya John Straffen, aliyekwisha kuua watoto wawili wa kike, kuruka ukuta wa hospitali ya Broadmoor Aprili 1952 na kumuua wa tatu katika saa chache alizokuwa nje.

Broadmoor ilifunguliwa 1863 kwa ajili ya watu waliotenda jinai wakiwa na maradhi ya akili. Ukuta na king'ora ni dawa ya mtoro. Mgonjwa mwingine, Graham Young, hakutoroka. Februari 1971 alitokea lango kuu, kwa ruhusa ya serikali.

Alipelekwa pale 1962, mwenye miaka 14 tu, baada ya kukiri kuwalisha sumu baba yake, dada yake na mwanafunzi mwenzake. Mama yake wa kambo alikuwa ameshafariki. Hakuwa na ugomvi nao. Aliipenda sumu yenyewe: alijua dozi na dalili, akawatazama jamaa zake wakitapika kama mwanafunzi wa kemia atazamavyo chupa ya maabara. Miongoni mwa mashujaa wake alikuwemo William Palmer, daktari mlisha sumu aliyenyongwa 1856.

Jaji aliagiza asiachiwe kwa miaka 15 bila idhini ya Waziri wa Mambo ya Ndani. Haikufika tisa. Daktari wake aliandika kwamba sumu haimshughulishi tena, na hapo ndipo palipoharibika. Mwenye hasira huonekana hata na mpita njia. Mwenye shauku ya siri aweza kukaa wodini miaka minane, mpole, akisubiri.

Alipoachiwa, mwajiri wake mpya huko Bovingdon aliambiwa tu kuwa kijana aliwahi kuugua akili. Akapewa kazi ya stoo, na chai ya wenzake ikawa inapita mikononi mwake! Wakaanza kuharisha, miguu ikafa ganzi, nywele zikanyonyoka. Wawili wakafa. Watu walisingizia virusi, mpaka daktari alipoitwa kuwatuliza wafanyakazi, na Young, asiyeweza kuficha ujuzi wake, akamuuliza mbele ya wote kama amefikiria sumu ya thali. Polisi walikuta shajara yake: herufi za kwanza za majina, dozi, matokeo. Thali ilipatikana hata katika majivu ya marehemu mmoja aliyekwisha kuchomwa.

Kesi ya 1972 iliitikisa serikali. Kamati ya Aarvold, mwaka uliofuata, ilitaka wagonjwa wa hatari zaidi wajadiliwe kwanza na bodi huru, si daktari wao peke yake. Ile ya Butler, 1974, ilipendekeza vituo vya ulinzi mikoani, ili mgonjwa asirukie mtaani moja kwa moja kutoka Broadmoor.

Young alihukumiwa kifungo cha maisha, safari hii jela. Alifia Parkhurst 1990, akiwa na miaka 42.