Matairi ya mbele kulika upande mmoja: ugonjwa wa magari ya miaka mingi

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Tanzania hulipokea, ila kwa nyongeza ya ushuru. Magari madogo ya Kijapani ya miaka ya 1990 bado yapo barabarani nchini humo, na malalamiko ya wenye nayo hufanana: matairi ya mbele hulika upande mmoja kabla ya muda wake.

Jambo la kwanza kutazamwa ni mwelekeo wa magurudumu, ambao mafundi huuita alaimenti. Magurudumu mawili ya mbele hutakiwa kwenda sambamba, au karibu sana na hivyo. Yakiachana kwa mbele, kingo za ndani ndizo hulika. Yakielekeana kupita kiasi, huumia kingo za nje. Upotofu wa nyuzi 1 huonekana mdogo, kumbe tairi lenye upotofu huo huburutwa kando kiasi cha mita 17 katika kila kilomita. Dalili yake hutambuliwa kwa kiganja, gari likiwa limesimama: kikipitishwa juu ya tairi kuelekea upande mmoja huteleza, kikirudishwa hukwaruzwa kama kwa msumeno.

Pili ni ulalo. Gurudumu likiinamia ndani kwa juu, ukingo wa ndani hubeba mzigo na kulika. Mengi ya magari haya hayana mahali pa kurekebisha ulalo; fundi hurekebisha mwelekeo tu, kwenye tairodi. Basi ulalo ukipotea, kuna kitu kilichopinda au kuchakaa: busha, bolijoint, springi iliyozama, au shokapu iliyopindishwa na shimo la barabarani. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Mwenye gari hulipia alaimenti, mashine ikaonyesha namba nzuri, kisha busha zilizolegea zikayarudisha magurudumu palepale pabaya. Fundi mwaminifu huliinua gari, hulitikisa gurudumu, hubadilisha kilicholegea, ndipo anapopima.

Upepo nao una alama zake: ukipungua, kingo zote mbili hulika, ukizidi, hulika katikati. Mabondemabonde kuzunguka tairi mara nyingi hutokana na shokapu zilizochoka.

Hatari kubwa ni kwamba ukingo wa ndani hauonekani kwa anayepita kando ya gari. Nje tairi huonekana zima, ilhali ndani waya zimekwisha kutokeza, na tairi la mbele likipasuka katika mwendo wa kasi, gari huvutwa ghafla upande huo. Inafaa usukani uzungushwe hadi mwisho, kushoto kisha kulia, na kila ukingo umulikwe kwa tochi. Kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma kila baada ya kilomita 10,000 hivi husawazisha ulikaji, lakini hakuondoi chanzo chake. Tairi lililokwisha kutoa waya halihamishiwi nyuma wala halifanywi la akiba.