Sufuria za Nduta na Chuma Kilichomo Maharageni

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika wilaya ya Kibondo ya wakati huo, watafiti walipima kama sufuria yaweza kuzuia upungufu wa damu. Kaya zote za kambi ya Nduta, iliyohifadhi wakimbizi kutoka Burundi, ziligawiwa sufuria za chuma kisichoshika kutu. Wa kambi ya Mtendeli, waliotumiwa kwa kulinganisha, waliendelea kupikia vyungu na sufuria za alumini. Mwaka ulipokwisha, damu ya watoto wa Nduta na mama zao haikuwa imeongezeka, wala akiba yao ya chuma haikuizidi ya wenzao wa Mtendeli. Matokeo hayo yana uzito katika historia ya chakula ya Buha, eneo la Kibondo na Kasulu: chuma cha mwilini hakipatikani kwa njia ya mkato, kinategemea namna vyakula vinavyokutana katika mlo mmoja.

Wapo watakaosema tatizo la upungufu wa damu Buha lilianza ng'ombe walipotoweka. Ni kweli kwamba katika himaya za Heru, upande wa Kasulu, na Muhambwe, upande wa Kibondo, ng'ombe aliunganisha bwana na mteja wake kwa mkataba wa ubugabire. Ni kweli pia kwamba sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza mifugo, mbung'o wakaenea, na katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu ili kuwaepusha na malale. Hasara ilikuwa kubwa. Hata hivyo ng'ombe alifugwa kwa maziwa na heshima, hakuwa kitoweo cha kila siku, na maziwa yana chuma kidogo mno. Kwa mkulima wa kawaida chuma kilitoka shambani: ulezi, mtama, kunde na mboga za majani, kisha maharage na mahindi, mazao yenye asili ya Amerika.

Mbona basi walaji wa maharage wanapungukiwa damu? Kwa sababu chuma cha nafaka na jamii ya kunde hushikwa na faiteti, kemikali ya asili iliyomo humo humo, na mwili hufyonza sehemu ndogo tu. Kimea cha ulezi na uji uliochachushwa hupunguza faiteti hizo. Pera, limau au dagaa kidogo wa Ziwa Tanganyika wakiliwa pamoja na maharage husaidia chuma kifyonzwe. Chai ya rangi inayonywewa na chakula hukizuia. Kuna hoja kwamba unga uliorutubishwa kiwandani unatosha, lakini haumfikii anayesaga mahindi yake kwenye mashine ya kijijini. Ni haki pia kukumbusha kwamba malaria na minyoo humaliza damu hata ya mtu anayekula vizuri, na kwamba mjamzito bado anahitaji vidonge vya kliniki. Hayo hayapunguzi thamani ya mlo wa Buha. Yanadai kwamba elimu ya lishe Kibondo na Kasulu ianze na vyakula ambavyo watu tayari wanavilima, ifundishe kuvioanisha, na iende sambamba na chandarua, choo na zahanati.