Seva Nayo Hukaimiwa

Jioni katika mji wa Katoro, mkoani Geita, mnunuzi anapima dhahabu kwenye mizani ndogo, anapatana bei na mchimbaji, kisha anamtumia fedha kwa simu. Wote wawili wanatazama skrini. Mpaka ujumbe uingie, mchimbaji hafungui kiganja.

Huenda dakika hiyohiyo, mbali na Katoro, seva inayotunza namba za wateja imezimika na nyingine imeshika kazi. Mafundi wetu huliita tukio hilo failover. Seva ya kwanza inaporudishiwa kazi, husema failback. Hutumia maneno hayo hata wanapozungumza Kiswahili kitupu. Matukio hayo yanastahili maneno yetu.

Wapo wanaosema “kuhamia seva ya akiba.” Si kosa, ila anayehama hajaahidi kurudi. “Kurithi” halifai kabisa, kwani mwenye mali amekwisha kufa. Neno ninalolipendekeza limo katika kila ofisi ya halmashauri, Shinyanga mpaka Kahama: kukaimu. Mkuu wa idara akisafiri kwenda Dodoma, mwenzake hukaimu nafasi yake. Anatia saini, wananchi wanahudumiwa, na kila mtu anajua kiti kina mwenyewe. Basi failover iwe ukaimishaji, na seva inayosubiri tuiite seva kaimu.

Seva kuu hutuma ishara fupi kila mara, kama mapigo ya moyo. Mapigo kadhaa yakikosekana mfululizo, seva kaimu hushika. Haikimbilii kushika kwa pigo moja, maana pigo moja laweza kupotea njiani na seva kuu ikawa ingali hai. Hapo zitakuwapo seva mbili, kila moja ikijiona kuu na kuandika kumbukumbu zake. Wafugaji wa Shinyanga wanajua kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa sababu hiyo mifumo mingi huifungia kabisa njia seva inayodhaniwa kufa kabla kaimu hajaanza kazi.

Tumezoea kusema akiba haiozi. Seva ya akiba huoza: isiponakili kila badiliko linalofanyika kwenye seva kuu, siku ya kuitwa itaamka na habari za jana.

Kwa failback, wengi watasema “urejeshaji.” Lakini neno hilo tayari tunalitumia kwa data zinazorudishwa kutoka kwenye nakala. Kaimu hafanyi hivyo. Kaimu hukabidhi ofisi. Napendekeza makabidhiano, kwa sababu ya tofauti kubwa iliyopo kati ya matukio haya mawili. Seva kuu huanguka bila kuaga, ila hurudi kwa utaratibu. Ikishatengenezwa, hunakili kwanza yote yaliyopita ikiwa haipo, kisha mafundi huirudishia kazi, mara nyingi usiku wa manane, simu zikiwa chache.

SS7, mfumo wa siku nyingi ambao mitambo ya simu hutumia kuwasiliana, una adabu hiyohiyo. Njia moja ikikatika, kila mtambo humtajia mwenzake namba ya ujumbe wa mwisho ulioupokea salama, kati ya 0 na 127, ili kazi iendelee pale ilipoishia. Njia ikipona, mtambo husimamisha ujumbe kwanza, hutangaza kuwa hakuna ujumbe mwingine utakaopita njia ya akiba, hungoja jibu, ndipo hurudi.

Pupa hapa ni hatari. Seva ikirudishwa kabla ya kupona huanguka tena, na madaraka yakaenda na kurudi usiku kucha. Na muda wa kupoteza ni mdogo: lengo linalotajwa sana katika kazi ya simu ni huduma kupatikana kwa asilimia 99.999, yaani kukatika kwa dakika 5 na kidogo tu kwa mwaka mzima.

Mnunuzi wa Katoro akiambiwa, “Seva kuu imeanguka, kaimu ameshika, makabidhiano ni usiku,” hahitaji tafsiri. Atajua huduma ipo, ni ya muda, na mwenye kiti anarudi lini. Naye mchimbaji aliyefumba kiganja ataelezwa kwa lugha yake.