Bahari ya Saa Hii, Mawingu ya Saa Ile

Mojawapo ya picha mashuhuri za mbalamwezi katika karne ya 19 ilipigwa mchana. Mpigaji wake, Mfaransa Gustave Le Gray, aliyezaliwa mwaka 1820, alisomea uchoraji kwa Paul Delaroche kabla ya kugeukia kamera. Mwaka 1856 alikuwa pwani ya Normandy, jua likiwa nyuma ya mawingu na merikebu moja ikielea kwa mbali. Picha ilipotoka, bahari ilikuwa nyeusi na maji yaking'aa kama fedha. Ilipoonyeshwa London, wengi waliamini wanatazama usiku.

Kwa nini asingoje jioni, kama sisi tunaojazana ufukweni na simu saa kumi na mbili? Wakati ule wapiga picha walitumia kioo kilichopakwa kolodioni, njia iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Kioo hicho kiliona vizuri bluu na zambarau, lakini kwa nyekundu na manjano kilikuwa karibu kipofu. Yaani rangi zote tunazozifuata wakati wa machweo, kwacho zilikuwa giza. Na mchana nao ulikuwa na balaa lake. Ukikipa kioo muda wa kutosha kuipata bahari, anga linatoka jeupe kama shuka. Ukikipa muda mfupi unaolifaa anga, bahari inazama gizani. Hilo la pili ndilo lililozaa ule "usiku" wa Normandy.

Mwaka uliofuata, huko Sète katika pwani ya Mediterania, Le Gray alikataa kuchagua. Alitumia vioo viwili: kimoja cha wimbi likivunjika, kingine cha mawingu. Akavichapisha kwenye karatasi moja iliyopakwa ute wa yai, na mshono akauficha pale bahari inapokutana na mbingu. Zaidi ya hapo, mawingu yaliyomridhisha aliyatumia tena juu ya bahari nyingine.

Hapa ndipo ninapopapenda. Kila anayefundisha kupiga picha za machweo huanza na upeo: unyooke, usikae katikati, ugawe picha kwa theluthi. Kanuni ya theluthi ni ya wachoraji. Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797. Lakini kwa Le Gray, naona, upeo haukuwa suala la urembo tu. Ulikuwa mahali pa kukatia. Jaribu kuunganisha anga na msitu wa minazi, au na mlima wenye meno: kila jani litakuumbua. Bahari inampa fundi mstari mmoja ulionyooka.

Wapo wanaosema huo ni uongo. Mimi nauona uongo mkubwa zaidi katika lile anga jeupe, kwa sababu hakuna aliyewahi kusimama ufukweni akaona mbingu tupu namna ile. Isitoshe, simu nyingi za leo hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha zenyewe, kabla hujatoa kidole kwenye kitufe. Tofauti ni kwamba Le Gray alijua anachounganisha. (Sisi wa karibu na ikweta tuna sababu ya ziada ya kuishukuru hiyo mashine: jua letu hushuka karibu wima, na rangi hazikungoji.)

Ustadi huo haukumlisha. Studio yake ya kifahari katika boulevard des Capucines, Paris, ilimshinda kuiendesha. Mwaka 1860 alipanda mashua ya mwandishi Alexandre Dumas, akamwacha mkewe na watoto Ufaransa, asirudi tena. Aliishia Kairo, akifundisha kuchora, na huko akafa mwaka 1884. Mwaka 1999 chapa moja ya wimbi la Sète iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 500,000.