Kaluvu

Kaluvu ni pombe ya asali ya Wakamba, inayojulikana Wamunyu, kaunti ya Machakos, na kote Ukambani. Wageni huijua Wamunyu kwa vinyago, ufundi uliostawishwa na Mutisya Munge baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wenyeji wa nchi hii kavu ni warina asali pia, na mizinga yao ya magogo hutundikwa mitini.

Kichachusho cha kaluvu ni tunda la mwegea (*Kigelia africana*), lenye umbo la soseji nene. Likiwa bichi lina sumu. Hupasuliwa, hukaushwa, kisha hutiwa katika maji ya asali ili lishike hamira. Likishaiva kwa kazi hiyo, huanikwa na kutumika tena na tena; hapo ndipo ilipo siri ya mpishi. Kibuyu huwekwa karibu na moto, na baada ya siku chache pombe iko tayari.

Kaluvu nzuri hunukia asali kabla haijafika mdomoni. Utamu hutangulia, uchachu ukafuata, na mwishoni hubaki uchungu kidogo wa tunda. Ikinuka siki, imepitwa. Divai nyekundu ya Bordeaux huweza kulazwa miaka 20 au zaidi, kwa kuwa tanini za maganda na mbegu za zabibu huilinda huku zikilainika. Kaluvu haingoji: huchacha hata ndani ya kibuyu, na huharibika baada ya siku chache.

Katika sherehe za mahari, wazee ndio huionja kwanza.