Jeanne Baret, aliyepanda meli kwa jina la Jean

Anayetaka kufuata nyayo za Jeanne Baret aanzie kwenye madaftari ya kanisa na ya makarani, maana vitabu vya wataalamu wa mimea wa zama zake havitamfikisha mbali. Alizaliwa Julai 1740 katika kijiji cha La Comelle, Burgundy, kwa wazazi maskini. Mwaka 1764 anaonekana tena: ana mimba, hajaolewa, na sheria inamtaka akatoe taarifa. Akaenda, ila baba wa mtoto hakumtaja. Wakati huo alikuwa mtumishi nyumbani kwa Philibert Commerson, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefiwa na mkewe. Haukupita muda, wawili hao wakahamia Paris.

Commerson akateuliwa kwenda na Louis-Antoine de Bougainville kuizunguka dunia. Meli za mfalme zilikuwa mwiko kwa wanawake. Jeanne akajibana kifua kwa vitambaa, akavaa suruali, na mwanzoni mwa 1767 akapanda meli ya Étoile bandarini Rochefort kwa jina la Jean Baré, mtumishi wa daktari. Vifaa vya Commerson vilikuwa vingi mno hata nahodha akawaachia chumba chake. Kwa maoni yangu, chumba kile kilimsitiri kuliko suruali.

Mguu wa Commerson ulikuwa mbovu, hivyo suluba nyingi ilimwangukia Jeanne. Kwenye Mlango-Bahari wa Magellan alikwea vilima vya theluji akiwa na chakula, silaha na mafurushi ya mimea, na Bougainville mwenyewe aliusifu ushupavu wake kwa maandishi. Kurudi melini hakukuwa kupumzika. Mimea ilipaswa kutandazwa kwenye karatasi, jani moja likilazwa kifudifudi na jingine chali ili pande zote zionekane, kisha ikabanwa. Karatasi zikinyonya maji zinabadilishwa, tena na tena, la sivyo ukungu unakula kazi ya wiki nzima.

Maelfu ya sampuli hizo yamehifadhiwa Paris, katika Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia, kwa jina la Commerson. Mojawapo ya mimea waliyoikuta ni ule wa Rio de Janeiro uliopewa jina la Bougainville, ambao leo maua yake yamefunika kuta za Mombasa na Dar es Salaam. Wapo watafiti wanaoamini kwamba aliyeuchuma ni Jeanne. Nikiukumbuka ule mguu, naona hoja yao ina uzito.

Siri ilifichuka mwaka 1768. Bougainville anaandika kwamba watu wa Tahiti walimtambua mara moja. Simulizi nyingine za safari ile hazipatani naye. Alipohojiwa, Jeanne alijibebesha kosa lote, akadai kwamba yeye ndiye aliyemdanganya hata bwana wake tangu Rochefort. Bougainville hakumwadhibu, na mwishoni mwa mwaka huo Jeanne na Commerson wakabaki Mauritius.

Commerson aliupa mmea mmoja wa Madagascar jina la Baretia. Halikudumu: sasa mmea huo uko kwenye jenasi ya Turraea, familia moja na mwarobaini. Spishi zaidi ya 70, kwa upande mwingine, zina jina la Commerson. Hesabu hiyo inaniudhi.

Commerson alifariki 1773. Jeanne akafungua kilabu cha pombe Port Louis, akapigwa faini kwa kuuza Jumapili, na mwaka 1774 akaolewa na askari, Jean Dubernat. Waliporudi Ufaransa akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia, lakini hakuna aliyempokea kwa shangwe. Alidai urithi aliousiwa na Commerson, akapewa. Mwaka 1785 wizara ya bahari ikamwandikia pensheni ya livre 200 kwa mwaka, ikitambua kazi aliyoifanya kando ya Commerson. Alifariki Agosti 1807, akiwa na miaka 67.

Wataalamu wa mimea walimkumbuka 2012. Waliipa spishi mpya jina la Solanum baretiae, mmea wa jenasi moja na viazi, nyanya na bilinganya, unaoota Ekwado na Peru, nchi ambazo safari ya Bougainville haikuzigusa.