Sakafu iliyopanda usiku: historia ya wanyama wadogo wanaotia bahari samadi

Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, wataalamu wa sauti wa Chuo Kikuu cha California walikuwa ndani ya meli USS Jasper, nje ya pwani ya San Diego, Marekani. Kazi yao ilikuwa kutafuta njia bora ya kuzigundua nyambizi za adui. Walituma mlio majini, wakasubiri mwangwi. Mwangwi ulirudi kutoka kina cha mita 300 hivi, kana kwamba chini yao palikuwa na sakafu. Lakini sakafu ya kweli ilikuwa mbali zaidi. Kilichowashangaza hasa ni kwamba jua lilipokuchwa, ile "sakafu" ilipanda kuelekea juu, na kulipopambazuka ikashuka tena.

Tabaka hilo lilipewa jina la ECR, herufi za kwanza za majina ya wagunduzi wake watatu: Eyring, Christensen na Raitt. Fumbo lenyewe lilifumbuliwa na mwanabiolojia Martin Johnson wa Taasisi ya Scripps. Mwaka 1945 aliifuatilia "sakafu" hiyo mchana na usiku, akaonyesha kuwa ni viumbe hai. Leo inajulikana kwamba mwangwi mkubwa hutoka hasa kwa samaki wadogo wenye vibofu vya hewa. Samaki hao wamo katika msafara mkubwa zaidi, na wengi wao wanafuata chakula chao: zooplanktoni, wanyama wadogo wanaochukuliwa na maji, wakiwemo jamaa wa uduvi tunaowaanika juani na kuwaunga kwa nazi.

Msafara huo hufanyika kila usiku katika bahari zote zenye kina. Hakuna uhamaji mwingine wa wanyama duniani unaoufikia kwa ukubwa. Hata hivyo, iliwachukua wanasayansi karne nzima kuelewa kwamba wasafiri hao ndio wanaobeba mbolea ya bahari.

Profesa na hariri ya kuchungia unga

Neno planktoni, yaani viumbe wanaochukuliwa na maji, lilibuniwa mwaka 1887 na Victor Hensen, profesa wa fiziolojia mjini Kiel, Ujerumani. Swali lake lilikuwa la watu wa riziki: bahari inaweza kutoa samaki kiasi gani? Aliona kwamba hawezi kulijibu bila kupima chakula kinachowalisha, kama vile mfugaji anavyoanza kwa kupima majani kabla ya kuhesabu ng'ombe. Akashona nyavu kwa hariri nyembamba waliyoitumia wasagishaji kuchungia unga, na mwaka 1889, kuanzia Julai hadi Novemba, akazunguka Atlantiki kwa meli iliyoitwa National.

Yeye na wengi wa zama zake walitarajia bahari za joto ziwe na neema kubwa, kama misitu ya tropiki ilivyo. Nyavu zikasema vingine. Maji baridi ya kaskazini yalijaa uhai, na maji ya buluu ya joto yalitoa kidogo mno. Ernst Haeckel, mwanazuolojia mashuhuri wa Jena, alimshambulia kwa maandishi mwaka 1890, akidai kwamba planktoni haihesabiki kwa namna hiyo. Hesabu za Hensen zilikuwa na mapungufu yake, lakini jambo kuu aliloliona lilikuwa kweli, na likaacha swali zito: kwa nini bahari yenye jua la mwaka mzima iwe na njaa?

Mlaji anayerudisha

Jibu lilianza kuonekana Plymouth, Uingereza, katika miaka ya 1930. H. W. Harvey na wenzake walipima mimea midogo ya baharini, yaani fitoplanktoni, mwezi baada ya mwezi, pamoja na virutubisho vinavyoikuza. Mwaka 1935 walionyesha kwamba uchache wa mimea hiyo majini si ushahidi kuwa haioti. Ilikuwa inaota na kuliwa papo hapo. Wachungaji wake wakuu ni kopepodi, wanyama wa jamii ya kamba, wengi wao wadogo kuliko punje ya mchele.

Hapo kopepodi angeweza kuhukumiwa kuwa mharibifu wa shamba. Lakini mwaka 1937, A. C. Gardiner alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba wanyama hao wanatoa fosfeti majini. Wanakula, na kwa taka zao wanairudishia mimea virutubisho ilivyovitumia. Ni kama ng'ombe aliyeachiwa shambani baada ya mavuno: anatafuna mabua huku anatia samadi.

Miaka mitatu kabla ya hapo, Alfred Redfield wa Marekani alikuwa ameshaona kwamba naitrojeni na fosforasi vimo ndani ya maji ya bahari kwa uwiano unaokaribiana na ule wa miili ya planktoni. Uwiano huo baadaye uliandikwa kuwa atomu 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Kwa maneno mengine, uhai hauishi tu ndani ya maji ya bahari, bali pia huyaunda.

Mwaka 1967, Richard Dugdale na John Goering walizigawa hesabu hizo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mimea inayokua kwa naitrojeni mpya, hasa naitreti inayopanda kutoka kilindini. La pili ni mimea inayokua kwa naitrojeni iliyorudishwa, hasa amonia inayotolewa na wanyama na bakteria pale pale juu. Swali la Hensen likapata jibu lake. Katika bahari za joto, maji mepesi ya juu hufunika maji baridi yenye virutubisho kama kifuniko cha chungu. Kinachofika kutoka chini ni haba, na uhai wa juu unaishi kwa kukitumia kile kile tena na tena. Bila mkojo wa zooplanktoni na kazi ya bakteria, maji hayo ya buluu yangekuwa maskini zaidi.

Malisho juu, zizi chini

Lakini kopepodi yule yule anayerudisha ndiye anayeondoa. Mfugaji anaujua mpango huu. Ng'ombe hula malishoni mchana na kulala zizini usiku, na samadi nyingi hubaki zizini. Zooplanktoni wanaohama hufanya hivyo kwa saa zilizopinduliwa: usiku wanakula juu gizani, ambako maadui hawawaoni vizuri, na mchana wanajificha mamia ya mita chini. Kilichomo tumboni wanashuka nacho, kisha wanakitoa huko kama amonia, hewa ya ukaa na kinyesi. Kinyesi kinachotolewa juu nacho huzama kikiwa kimeshikana, na cha aina fulani hushuka mamia ya mita kwa siku.

Wataalamu walianza kwa kupima mvua hiyo ya taka kwa mitego iliyotundikwa vilindini. Mwaka 1988, Alan Longhurst na Glen Harrison, wakiwa Kanada, walikokotoa naitrojeni inayobebwa na wahamaji wenyewe, ambayo mitego haikuweza kuinasa. Ilikuwa nyingi kiasi kwamba hesabu ya bahari isingekamilika bila kuiingiza. Pamoja na naitrojeni hushuka kaboni, ambayo ikifika mbali chini inaweza kukaa miongo hadi karne kabla ya kuonana tena na hewa.

Kusi hurudisha samadi shambani

Samadi ikibaki zizini, shamba linadhoofika. Lazima awepo wa kuirudisha. Katika Bahari ya Hindi, mmoja wa wanaoirudisha ni upepo tunaoufahamu kwa jina: kusi. Kati ya Juni na Septemba husukuma maji ya juu mbali na pwani ya Somalia, na maji baridi yenye virutubisho hupanda kuchukua nafasi yake.

Habari hiyo ilianza kuandikwa kwa mapana wakati wa Safari ya Kimataifa ya Bahari ya Hindi, 1959 hadi 1965, iliyokusanya meli za mataifa mengi. Sampuli zake za zooplanktoni zilichambuliwa katika kituo kilichoanzishwa Cochin, India. Unguja nayo haikuwa nyuma: J. H. Wickstead alichapisha mwaka 1963 makadirio ya zooplanktoni wa eneo la Zanzibar.

Mwaka 1979, Sharon Smith alichunguza pwani ya Somalia na kumkuta kopepodi Calanoides carinatus akiwa tele kwenye maji yaliyopandishwa na kusi. Utafiti uliofuata umekamilisha kisa chake. Kusi ikivuma, anapanda, anakula, anazaa na kujaza mafuta mwilini. Kusi ikikatika, kizazi kipya kinashuka zaidi ya nusu kilomita na kulala kaskazi nzima. Kalenda iliyoongoza majahazi kwa karne nyingi ndiyo inayomwongoza mnyama wa milimita chache.

Wavuvi wetu wa dagaa huondoka na taa zao mwezi ukiwa gizani, kwa sababu taa haina nguvu palipo na mbalamwezi. Katika Mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita, wakati huo huo msafara wa chini unapanda. Dagaa anayezunguka mwanga amejengwa kwa zooplanktoni.

Kwa kuwa riziki hiyo inategemea wanyama hao, nawaonea wivu mzuri mabaharia wa Atlantiki ya Kaskazini. Tangu mwaka 1931, meli zao za mizigo zimekuwa zikikokota chombo kilichobuniwa na Alister Hardy, kinachonasa planktoni kwenye utepe wa hariri. Mwaka 2002 rekodi hiyo ilionyesha kwamba kopepodi wa maji ya joto walikuwa wamesogea kaskazini zaidi ya digrii 10 za latitudo katika miaka 40. Hakuna aliyeweza kuliona hilo kwa safari moja. Natamani boti zinazokwenda Unguja, Pemba na Mafia zikokote chombo kama hicho, na vijana wetu wakae na hadubini kuhesabu. Kusi ya mwaka huu ikipita bila kuhesabiwa, hakuna chombo kitakachoweza kuirudia.